Washenga Waliobaki Getini

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka hamsini na moja, na huo ndio mwaka shida zilipoanza. Nilikuwa na spaza yangu Diepsloot, huku kusini mwa Afrika, duka la mabati lenye dirisha la nondo, nauza mkate, mishumaa na maziwa. Wanaume wenyeji, waliotaka sisi wageni tuondoke, walisimama getini mchana kweupe, kwanza wachache, halafu wengi, halafu wakaingia. Walichukua kila kitu mpaka zile nondo. Mimi nilitoka na binti yangu, cherehani ya mkono, na televisheni ndogo niliyoifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto. Wapo wanaonicheka mpaka leo kwa sababu ya ile televisheni. Waache wacheke. Mkate ningeubeba ungekwisha siku ile ile.

Shule niliishia darasa la tatu, Kigoma. Kiingereza nilikuwa sijui zaidi ya bei. Nasema mapema ili msomaji ajue kwa nini nilimhitaji yule mzee, na kwa nini alipotuchezea nilikasirika kiasi kile.

Tulihamia Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Nilipanga chumba cha mbele kinachotazama barabara, nikatundika pazia katikati. Nyuma ya pazia tunalala, mbele nashona. Yule mzee alikaa chumba cha uani, peke yake. Wote walimwita Mkalimani, hata mwenye nyumba. Jina lake nalijua na siliandiki, kwa sababu mwenyewe hakupenda litajwe.

Alikuwa mtu wa Kivu, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Alivaa tai kila siku ya Mungu na koti la sufu hata Januari, jua likichoma. Mfukoni alikuwa na kitana, na nywele zenyewe zilikuwa zimebaki za kuhesabika. Aliogopa mbwa. Chai isiyo na sukari aliirudisha, akisema hiyo ni ya wagonjwa. Alikuwa anatusahihisha Kiswahili chetu sisi Watanzania, na yeye mwenyewe kila sentensi anaifunga kwa "bon", ile "haya" ya Kifaransa.

Kazi yake ilikuwa kusindikiza watu kliniki na maofisini, Wakongomani na Warundi waliokuwa hawajui kusema wanaumwa wapi. Huko alikuwa mkali. Alisimama wima kando ya mgonjwa, mikono nyuma, akatoa maneno kama yalivyo. Alipenda kusema, "Mimi ni bomba tu. Yanayoingia ndiyo yanayotoka." Mimi mwenyewe alinipeleka nilipokuwa nasikia kizunguzungu. Daktari alisema maneno mengi kwa upole, akitabasamu. Mkalimani akanigeukia.

"Anasema presha yako iko juu sana. Unaweza kuanguka ukiwa unashona, ukafa."

"Amesema hivyo kweli? Mbona anacheka?"

"Anacheka, lakini amesema hivyo. Ingekuwa mimi, ningekuambia polepole."

Huyo ndiye Mkalimani wa hospitali. Wa Jumapili alikuwa mtu mwingine.

Jumapili mchana televisheni ilikuwa inaonyesha zile tamthilia za Kiingereza za zamani, zilizotolewa kwenye vitabu vya mapenzi. Farasi, matope, nyumba kubwa yenye madirisha mengi, mabinti wanne watano waliovaa kofia na mama yao anahangaika wataolewa na nani. Mimi nilianza kuziangalia kwa ajili ya magauni. Niliona kiuno kimepandishwa mpaka chini ya matiti, halafu kitambaa kinashuka chenyewe. Nikajiambia, gauni kama hili linamfaa mjamzito, linamfaa aliyezaa jana, linamfaa mnene. Nikalishona kwa kitenge. Wanawake wa kanisani walipoliona, wakaja. Wakaja wasusi wa Joubert Park, katikati ya mji. Tukaliita gauni la sinema, na gauni la sinema ndilo lililonisimamisha, si mtu.

Wateja wakawa wanakuja Jumapili baada ya ibada, kupimwa, na wakiona televisheni wanakaa. Lakini walitaka kujua watu wale wanaambiana nini. Ndipo tukamwita mzee kutoka uani. Alikuja analalamika kuwa hizo hadithi ni upuuzi wa watu wenye nafasi. Hakukosa Jumapili hata moja.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, ubavu kwa televisheni, sikio moja kwa Waingereza na uso kwetu. Mengine hayakuhitaji hata ukalimani. Baba akifa, nyumba inachukuliwa na mwanamume wa ukoo na mabinti wanaambiwa wafungashe. Wanawake wa Uvira na Bujumbura walitikisa vichwa tu. "Hao ni mashemeji zangu kabisa," mmoja alisema. Kucheza kwao ndiko kulitushinda. Wanacheza dansi kama watu waliopanga foleni.

Sasa niseme ya wazee. Siku moja bwana mmoja alimfuata binti bustanini, mvua inanyesha, akaanza kumweleza kuwa anataka kumuoa. Yuko peke yake, kofia mkononi, analowa. Msusi mmoja wa Joubert Park, mama mwenye mdomo sana, akauliza:

"Na wazee wake wako wapi? Anaposa kama anauza mahindi?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Kwetu Kigoma mwanamume hajiposei, anatuma washenga. Kwao Kongo wanaenda wazee. Mtu anayekuja peke yake, akikosea utamshitaki kwa nani? Mkalimani hakugeuka.

"Wako getini," alisema. "Wawili. Wamebaki na gari la farasi kwa sababu ya mvua."

"Mbona hatuwaoni?"

"Kamera ya Waingereza haipigi wazee."

Tangu siku hiyo kila hadithi ilikuwa na wazee getini. Mmoja alikuwa na mguu mbovu, hawezi kusimama sana. Mwingine alipenda nyama, na kama posa ikikataliwa anaudhika kwanza kwa sababu ya chakula. Wanawake waliwapenda kuliko hata wale vijana wazuri. Bwana akija kwa farasi mbio, mtu anauliza, "Na yule wa mguu amefikaje?" Mkalimani anajibu, "Alitangulia jana." Binti akikataa posa, wazee wanaondoka kwa heshima, wanasema watarudi mavuno yakiisha. Umeme ulikuwa unakatika sana miaka ile. Siku moja ulikatika katikati ya dansi, na yeye akaendelea na hadithi kama kawaida, akamuoza binti kwa tajiri, wazee wakala nyama. Umeme uliporudi, tajiri yuko kwenye jeneza. Mkalimani akatazama, akapangusa mdomo, akasema, "Huyo ni mwingine."

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuwapenda wale wazee. Toka Diepsloot, wanaume wakisimama getini mwangu nilikuwa naacha kushona. Nilikuwa nahesabu sauti. Nilinunua mnyororo, nikawa naufunga na kuufungua, na nikishaufunga narudi kuushika. Wanaume wa Jumapili walisimama getini na hawakuja kuvunja. Nilikuwa nawasikiliza kama mtu anayekunywa dawa.

Binti yangu alikuwa anakaa pembeni anashona vifungo, amekaza midomo. Kiingereza alikijua kama maji, alikuwa amesomea hapa hapa. Hakusema kitu kwa miaka.

Mwaka 2013 akaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Mama, kuna mtu ameniuliza."

"Amekuuliza nini?"

"Kunioa."

"Amemtuma nani?"

"Hajatuma mtu. Ameniuliza mwenyewe. Pale kwenye robot, taa ikiwa nyekundu, tunasubiri kuvuka."

Ni kijana Mrundi, fundi simu, ana meza yake Joubert Park. Nikauliza watu wake. Hana. Walibaki njiani, wengine hajui wako wapi. Nikamwambia binti yangu kwamba mtu huyo sitampokea. Si kwa sababu ni Mrundi, si kwa sababu ni fundi simu. Kwa sababu hana mtu nyuma yake. Nilimkumbusha mteja wangu mmoja aliyeolewa hivyo hivyo barabarani. Siku mume alipoondoka na godoro na mtoto, yule dada alizunguka mji mzima akitafuta hata mtu mmoja wa kumwambia, na hakuna aliyemjua mume wake ni nani. Nilimshonea mwenyewe gauni la harusi. Nililiona baadaye limekuwa pazia.

"Hata kwa Waingereza," nikasema, "na mali zao zote, hakuna anayekwenda bila wazee."

Binti yangu akaweka sindano chini.

"Mama. Hakuna wazee kwenye zile sinema. Hawajawahi kuwapo. Mzee anawatungia."

"Wako getini."

"Eish, Mama. Hakuna hata geti."

Nilikwenda uani vile nilivyo, mita ya kupimia shingoni. Mkalimani alikuwa anapiga viatu rangi. Nikamuuliza wazee wapo au hawapo.

"Hawapo," alisema.

"Miaka yote hii?"

"Mliuliza wako wapi. Ningesema hana mtu, mngezima televisheni."

"Kliniki unasema wewe ni bomba."

"Kliniki mtu akidanganywa anakufa. Bon. Kwako watu wanakuja kupimwa nguo."

Nikamwambia asikanyage tena chumba changu Jumapili. Akasema sawa, Mama Fundi, akarudi kwenye kiatu chake. Sikumwomba radhi baadaye, wala yeye hakuniomba. Hatukuwa watu wa hivyo.

Jumapili iliyofuata binti yangu ndiye aliyetafsiri. Alifanya kama kliniki. Bwana alikuja, akapiga magoti, akasema maneno kwa muda mrefu mpaka jasho likamtoka. Binti yangu akasema, "Anampenda. Anataka waoane."

"Hayo tu?" akauliza yule msusi.

"Hayo tu."

"Na wazee?"

"Hawapo."

"Wamekufa?"

"Hawajawahi kuwapo, Mama."

Mwanamke mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Wiki iliyofuata walikuja kupimwa wakaondoka. Na uani kukawa kimya. Mkalimani alikuwa anatoka asubuhi na tai yake, anarudi jioni, hata Jumapili. Nikajua amenuna.

Lakini si yeye aliyenikosesha amani. Chini ya meza ninayokatia vitambaa binti yangu aliweka begi. Hakusema ni la nini na mimi sikuuliza. Kila asubuhi, akienda kuoga, nilikuwa nalisukuma kwa mguu nione limeongezeka uzito. Lilikuwa linaongezeka. Nilijua siku moja nitalisukuma na mguu utapita hewani. Nilikuwa nashona mishono mirefu kama mtoto anayejifunza, nafumua, nashona tena. Nikisikia mnyororo wa geti unagusa chuma, nasimama. Nilishapoteza duka na nikaanza upya. Mtoto huanzi upya. Na bado sikuweza kumwambia, mlete. Nimpokee mtu peke yake, halafu akimfanyia yale, nimfuate nani?

Ikawa Jumamosi, mchana. Nasikia geti. Nikachungulia dirishani nikaona vivuli vya wanaume, zaidi ya mmoja, wamesimama tu. Hawagongi. Nikachukua mkasi mkubwa wa kukatia. Binti yangu akatoka nyuma ya pazia, amevaa gauni la sinema, lile la bluu, na uso wake hauna hofu.

"Weka mkasi, Mama. Ni wazee. Wako getini."

Nilitoka. Kijana alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mbele yake Mkalimani, tai na koti. Pembeni yake mzee mmoja Mrundi, fundi viatu wa kona ya pili, anaegemea fimbo. Mguu wake mbovu aliuinua kidogo kutoka chini.

"Hodi, Mama Fundi," Mkalimani alisema. "Tumetumwa."

Nilisimama na mnyororo mkononi. Nilijua kabisa ni nini wanafanya. Nikasema moyoni, sasa ataanza. Atanipa ukoo, ng'ombe, mjomba mwenye shamba. Akianza tu, nafunga.

"Mnamjua huyu kijana?" nikauliza.

Akaweka mikono nyuma. Akasimama wima. Nikamsikia anazungumza kwa ile sauti yake ya kliniki.

"Baba yake simjui. Mama yake simjui. Siwezi kukuambia ni watu wa namna gani. Toka uliponifukuza nimekuwa nakaa kwenye meza yake Joubert Park, kila siku, na kiti changu. Anafungua mapema. Simu iliyokufa anasema imekufa, hali pesa ya mtu bure. Hanywi. Ana hasira. Mteja mmoja alimtukana, akaivunja simu yake mwenyewe chini, si ya mteja. Akilala anapiga kelele, nimeuliza jirani zake. Anavuta sigara na binti yako hajui."

"Najua," alisema binti yangu nyuma yangu.

"Bon. Anajua."

"Na akimtesa?" nikauliza. "Nitamwendea nani?"

"Mimi. Niko chumba cha uani. Akimtesa, unakuja kunigongea, na mimi naondoka na tai yangu kwenda kumuuliza. Nikifa, huyu hapa. Ni wa kwao na ana fimbo."

Fundi viatu akainua fimbo kidogo. "Mama," alisema, "tunaweza kukaa? Huu mguu."

Nilifungua mnyororo. Hayo ya mahari na mengine tuliyosemezana ndani nayaacha, ni ya nyumba. Nitasema tu kwamba fundi viatu alikaa akanyoosha mguu, na Mkalimani, aliyekuwa halagi kwa mtu, alikula nyama, akaomba tena. Yule msusi wa Joubert Park alipita kuchukua nguo yake, akawaona wamekaa pamoja, mmoja na mguu, mmoja na mfupa mkononi. Akasimama mlangoni.

"Kumbe wapo," alisema.

Jumapili mzee alirudi kwenye kiti chake. Wanawake nao walirudi. Walikuwa wanajua anatunga, wakawa wanamsaidia.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni ya 2014. Alikuwa amekonda mpaka tai inazunguka shingo. Masikio, pamoja na ukubwa wake wote, yalikuwa yamekufa karibu yote, na macho yana ukungu. Tulimpeleka hospitali, mimi na binti yangu. Daktari alisema maneno mengi, kwa upole, kama yule wangu. Mzee hakusikia kitu. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekaa kitini na mtu mwingine akasimama kando. Binti yangu aliinama kwenye sikio lake, akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama.

Mzee alimshika mkono.

"Usiongeze," alisema.

Binti yangu akasimama wima. Akaweka mikono nyuma.

"Anasema hakuna dawa ya kukuponya, Mzee. Watakupa ya maumivu. Anasema turudi nyumbani."

"Amesema muda gani?"

"Amesema mfupi."

"Bon," alisema, akatoa kitana akachana nywele zake.

Jumapili hiyo mkwe wangu, yule fundi simu, alimbeba kutoka uani akamweka kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni. Ilikuwa tamthilia nyingine tena, nyumba nyingine kubwa, matope yale yale. Hakuwa anaona wala kusikia vizuri, lakini wanawake walipoacha kuongea alijua. Akageuza uso.

"Kuna nini?"

"Bwana amekuja bustanini," binti yangu alimwambia sikioni. "Anaposa."

"Wapo?"

Mimi nilitazama televisheni. Bwana alikuwa peke yake kabisa, nyuma yake majani na ukuta.

"Wapo, Mzee. Wako getini."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Yule wa mguu?"

"Amepewa kiti."

Akaitikia kwa kichwa, akapangusa mdomo. Alituacha wiki ile ile, mchana, fundi viatu yuko naye.

Leo nina cherehani nne, moja ya umeme. Nina pasi, meza ya kukatia, na mkasi ule ule. Nimepanga chumba cha mbele na cha uani. Nina televisheni niliyoibeba Diepsloot, rangi zimekuwa kijani. Nina geti na mnyororo, na mchana siufungi. Nina binti, yuko Joubert Park, na mjukuu ninayemsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nina kiti kimoja cha plastiki na kitana. Wakwe wazee nina wawili. Mmoja amezikwa, mwingine mguu bado unamsumbua.